Baada ya kupasuliwa shingo ao kinywa, kumeza kunapashwa kutunzwa kama kidonda

Operesheni ya shingo, ulimi, taya ao koo inaweza kufaulu, kidonda kikapona vizuri, na bado mugonjwa akashindwa kumeza kikombe cha maji. Ikiachwa bila kutunzwa, shida hiyo inaweza kuishia katika mapafu, ao kumukondesha mutu pole pole hadi akose nguvu. Lakini ina dalili ambazo jamaa inaweza kuona, na sehemu kubwa ya dawa yake inafanyika jikoni na juu ya kiti, kijiko kwa kijiko.

Katika hospitali za Goma, Bukavu, Beni ao Bunia, mugonjwa hatunzwi na wauguzi peke yao. Kuna ndugu anayelala karibu na kitanda, anayefua nguo na kupika: garde-malade. Siku munganga anaposema kwamba mugonjwa anaweza kuanza kula, mara nyingi ni ndugu huyo anayeshika kijiko. Kwa mutu aliyepasuliwa muguu, jambo hilo halina hatari kubwa. Kwa mutu aliyepasuliwa kinywa ao shingo, kijiko hicho cha kwanza ni sehemu ya tiba, na yule anayekishika anapashwa kuwa ameelezwa jinsi ya kukitumia.

Wanaopasuliwa sehemu hizo ni wengi

Mashariki mwa Kongo, sababu za upasuaji wa shingo na uso ni nyingi. Moja ya zamani ni uvimbe wa tezi ya shingo, ule ambao kwa Kifaransa unaitwa goitre. Katika kisiwa cha Idjwi, ndani ya ziwa Kivu, watafiti waliofanya kazi kutoka kituo cha Lwiro walichunguza ugonjwa huo katika miaka ya 1960 na 1970. Walionyesha kwamba mwanzo wake ni ukosefu wa iode, na kwamba muhogo usiotayarishwa vizuri unazidisha shida. Chumvi yenye iode imesaidia sana tangu wakati huo. Lakini uvimbe ambao umekwisha kuwa mukubwa hadi kubana njia ya hewa, mara nyingi unapashwa kuondolewa kwa kisu.

Kuna pia uvimbe wa taya, ambao unaweza kumupata hata kijana, na kansa za ulimi, za kinywa na za koo. Tena kuna vita. Risasi na vipande vya bomu vinavunja taya na kupasua shingo. Katika hospitali ya CBCA Ndosho, Goma, wapasuaji wa Kamati ya Kimataifa ya Musalaba Mwekundu wametibu watu waliojeruhiwa kwa silaha kwa miaka mingi. Kwa wagonjwa hao wote, wenye umri na historia tofauti, ulizo moja linabaki baada ya kushonwa: watakula namna gani?

Kazi ya sekunde moja

Mutu muzima anameza mara mamia kwa siku, hata akiwa katika usingizi, na hawazii jambo hilo. Kwa kweli ni kazi ngumu. Midomo inafungwa, ulimi unakusanya chakula na kukisukuma nyuma. Nyama laini ya juu ya kinywa inafunga njia ya pua. Kisha koromeo, ile sehemu ngumu ambayo mutu anaweza kugusa mbele ya shingo, inapanda juu na kusogea mbele. Nyuzi za sauti zinafungana, kifuniko kidogo kinainama juu ya njia ya hewa, na mulango wa umio unafunguka. Kupumua kunasimama kidogo. Tangu chakula kinapofika kooni hadi kinapoingia katika umio, inapita karibu sekunde moja tu.

Katika kazi hiyo mishipa na misuli mingi inapashwa kufuatana bila kuchelewa. Upasuaji unaweza kukata musuli mumoja, kuchosha mushipa mumoja, ao kuacha kovu linalovuta koromeo chini. Wakati mufuatano huo unaharibika, chakula kinabaki kooni, kinatokea puani, ao kinaingia katika njia ya hewa. Hatari hiyo ya mwisho ndiyo inayoogopwa zaidi, kwa sababu inafungua njia ya homa ya mapafu.

Kila operesheni na shida yake

Aliyepasuliwa tezi ya shingo anaweza kuwa na maumivu ya koo siku chache, na hiyo ni kawaida. Lakini nyuma ya tezi hiyo kunapita mushipa mwembamba unaosogeza nyuzi za sauti. Theodor Kocher, munganga wa Uswisi aliyepata tuzo ya Nobel mwaka wa 1909 kwa kazi yake juu ya tezi hiyo, alionyesha kwamba inawezekana kuipasua bila kupoteza wagonjwa wengi. Hata hivyo, mushipa huo unabaki jambo ambalo kila mupasuaji analichunga hadi leo. Ukiguswa, sauti inakuwa ya kukwaruza ao ya pumzi tupu, na maji yanamupalia mugonjwa kwa urahisi kwa sababu njia ya hewa haifungwi vizuri. Mara nyingi hali hiyo inapunguka baada ya majuma ao miezi. Wakati huo wote, namna ya kunywa inapashwa kubadilishwa.

Aliyekatwa sehemu ya ulimi ana shida nyingine. Anaweza kuwa na koo lenye nguvu, lakini hana kitu cha kusukuma chakula kifike kooni. Kwake, chakula kizito kinabandika kinywani, na kitu chepesi kinaweza kupita vizuri zaidi. Aliyepasuliwa taya anaweza kushindwa kutafuna ao kufungua kinywa. Kipimo kimoja kinajulikana: mutu mwenye taya nzima, kwa kawaida, anaweza kuingiza vidole vyake tatu, vikiwa vimepangwa kimoja juu ya kingine, kati ya meno ya juu na ya chini. Asiyefikia hapo anahitaji mazoezi ya kufungua kinywa, tena mapema, mbele kovu halijakuwa gumu.

Kwa aliyeondolewa koromeo lote, mambo yanageuka kabisa. Operesheni hiyo ilifanywa na Theodor Billroth kule Vienna mwaka wa 1873. Baada yake, mugonjwa anapumua kwa tundu lililo chini ya shingo, na njia ya chakula inatengwa na njia ya hewa. Chakula cha kinywani hakiwezi tena kuingia katika mapafu kama kidonda cha ndani kimepona vizuri. Shida yake inakuwa koo lililobanwa, ambako chakula kinapita kwa shida. Na watu wa nyumbani wanapashwa kujua kwamba maji ya kuoga yakiingia katika tundu hilo yanaenda moja kwa moja kwenye mapafu.

Hii ndiyo sababu shauri la jirani, hata kama lilimusaidia mutu wake, linaweza kumuumiza mwingine. Kuinamisha kichwa, kukiinua, kukigeuza upande mumoja, kunywa kitu kizito ao chepesi: kila shauri lina mugonjwa wake.

Kukohoa ni onyo, lakini kunyamaza pia kunaweza kuwa hatari

Dalili ambayo kila mutu anaijua ni kukohoa wakati wa kula ao mara baada ya kunywa. Ziko nyingine: sauti inayokuwa kama yenye maji baada ya kumeza, chakula kinachotokea puani, kumeza mara tatu ao ine kwa tonge moja, mabaki yanayokaa kando ya ulimi, chakula kinachochukua zaidi ya nusu saa, uzito unaopunguka, homa zinazorudi rudi bila sababu.

Lakini kuna wagonjwa ambao maji yanaingia katika mapafu yao na hawakohoi. Mishipa inayoleta habari kutoka kooni imeumia, ao mionzi imelala juu ya koo kwa majuma mengi, na mwili hausikii tena. Jamaa inasema mugonjwa anakula vizuri, kumbe anapata homa ya mapafu pole pole. Kwa hiyo homa, pumzi ya haraka na kukonda vinapashwa kuchukuliwa kwa uzito hata kama hakuna kikohozi mezani.

Namna ya kuona hali hiyo wazi ni kumupiga mugonjwa picha za radio zinazotembea, wakati anameza chakula kilichochanganywa na dawa ya bariamu. Jeri Logemann, wa chuo kikuu cha Northwestern karibu na Chicago, ndiye aliyeeneza kipimo hicho zaidi ya wengine. Njia nyingine ni kamera ndogo inayopitishwa puani. Mahali ambapo vyombo hivyo havipo, munganga wa ORL, yaani wa masikio, pua na koo, bado anaweza kujifunza mengi kwa kutazama kinywa, kusikiliza sauti na kumuona mugonjwa anameza vijiko vichache vya maji.

Si kila chakula laini ni salama

Jamaa nyingi zinaambiwa: mupe chakula laini. Neno hilo halitoshi. Bugali ni laini, lakini tonge lake linabandika, na kwa kawaida watu wanalimeza bila kulitafuna sana. Kwa koo lililo zaifu, ni kati ya vyakula vigumu zaidi. Sombe ina nyuzi ikiwa haikutwangwa vizuri. Muchele unatawanyika kinywani, chembe moja huku na nyingine kule. Sambaza kavu zina mifupa. Supu yenye vipande ni mutego, kwa sababu maji yanakimbia mbele wakati mutu angali anatafuna nyama. Karanga nzima, mahindi ya kuchoma na mukate mukavu vinapashwa kungojea.

Maji yenyewe yanaonekana kama kitu chepesi kuliko vyote. Kwa mutu ambaye njia yake ya hewa inachelewa kufungwa, ndiyo yenye hatari zaidi, kwa sababu yanakimbia. Kitu kizito kidogo kinatembea pole pole na kulipa koo nafasi ya kujifunga. Lakini kikizidi uzito, kinaacha mabaki kooni, na mugonjwa anachoka, anakunywa kidogo, anakosa maji mwilini. Kwa hiyo uzito unapashwa kuwa ule alioambiwa, si zaidi.

Kuna mupango wa kimataifa wa kupima jambo hilo, unaoitwa kwa kifupi IDDSI, wenye ngazi 8, kuanzia 0 hadi 7. Kwa vinywaji, chombo chake ni seringi ya mililita 10, ile ambayo mustari wake wa 0 hadi 10 una urefu wa milimita 61.5. Sindano na kisukumio vinaondolewa. Ncha inafungwa kwa kidole, kinywaji kinajazwa hadi 10, kidole kinaondolewa kwa sekunde 10, kisha kinarudishwa. Ikibaki kati ya mililita 1 na 4, kinywaji ni kizito kidogo sana. Kati ya 4 na 8, ni ngazi ya pili. Ikibaki zaidi ya 8, ni ngazi ya tatu. Ikiwa hakuna kitu kilichotoka, ni ngazi ya ine, kitu cha kula kwa kijiko. Kwa vyakula vya kutafuna kidogo, mutu muzima anaanza na vipande visivyopita milimita 4, upana wa nafasi kati ya meno ya kanya, kisha anaenda hadi sentimita 1 na nusu.

Uji wa masoso, ule wa mahindi, soja na mutama, unafaa sana kwa kipimo hicho, kwa sababu unaweza kupikwa mwepesi ao mzito. Unapashwa kuchujwa, na kupimwa ukiwa na joto lile ambalo mugonjwa atalitumia, kwani unazidi kuwa mzito unapopoa. Tena mate yanaulegeza: kijiko kilichotoka kinywani kikirudi kila mara katika bakuli, uji unageuka kuwa maji mbele chakula hakijaisha. Ni vizuri kupakua kidogo kidogo katika bakuli nyingine.

Kwa kuwa mugonjwa anakula kidogo, kila kijiko kinapashwa kubeba nguvu. Avoka iliyopondwa, yai, mafuta kidogo, karanga zilizosagwa laini na kuchanganywa vizuri ndani ya uji, unga wa sambaza uliochujwa, maharagi yaliyopikwa sana na kuondolewa maganda, kemba ao viazi vilivyopondwa na muchuzi: vyote hivyo vinapatikana sokoni. Asiye na mashine ya kusaga anatumia kinu na chujio.

Kiti, kijiko na mazoezi

Mugonjwa anapashwa kukaa wima, mugongo umeegemezwa, miguu chini, akiwa macho kabisa. Mutu anayesinzia halishwi. Kijiko kiwe cha chai. Tonge la pili lingojee hadi la kwanza limepita, na mara nyingi inafaa kumeza mara ya pili bila kitu kinywani ili kusafisha mabaki. Maongezi, televisheni na kicheko vinangoja. Baada ya kula, abaki wima angalau nusu saa. Kumulisha akiwa amelala, hata kwa huruma, ni kumutia hatarini.

Kinywa kinapigwa mswaki asubuhi na mangaribi, pia baada ya kula, hata kwa yule asiyekula kwa kinywa. Mate yanaweza kuteleza hadi kwenye mapafu, na mate ya kinywa kichafu yanabeba viini vingi.

Kisha kuna mazoezi, ambayo mugonjwa anafundishwa na ortofonisti, ao mahali ambapo hayupo, na munganga ao kine aliyejifunza kazi hiyo. Ortofonisti ni wachache sana katika inchi, ndiyo maana kile kinachoelezwa hospitalini kinapashwa kuandikwa na kubebwa nyumbani. Moja ya mazoezi ni kumeza kwa nguvu, kama vile mutu anameza kitu kigumu. Lingine ni kuvuta pumzi, kuizuia, kumeza, kukohoa mara moja, kisha kumeza tena mbele ya kupumua. Lingine ni kuinamisha kidevu karibu na kifua wakati wa kumeza, ao kugeuza kichwa upande ulio zaifu ili chakula kipite upande wenye nguvu. Hakuna hata moja la kuchagua peke yake, kwa sababu lile linalolinda koo moja linaweza kuharibu lingine, na mengine hayafai wakati mushono ungali mubichi.

Kwa wale wanaopata pia mionzi, ambayo kwa wakaaji wa Kivu mara nyingi inaomba safari ya mbali, jambo moja linajulikana vizuri. Watafiti wa kituo cha MD Anderson kule Houston, Marekani, walichunguza wagonjwa 497 waliotibiwa hivyo kwa kansa ya koo, na kutangaza matokeo mwaka wa 2013. Wale walioendelea kula kwa kinywa na kufanya mazoezi wakati wa tiba walikula vizuri zaidi baadaye kuliko wale walioacha vyote viwili. Koo lisilotumiwa linakuwa gumu na kusahau kazi yake.

Wakati chakula kinapita katika mupira

Kwa wengine, kinywa hakitoshi. Wanganga wanaweka sonde, mupira mwembamba unaopita puani hadi tumboni, ao, ikiwa shida itachukua muda murefu, mupira unaoingia moja kwa moja katika tumbo. Jamaa fulani zinaogopa kuona hivyo, kana kwamba mugonjwa amefika mwisho. Mara nyingi ni daraja: mwili unalishwa wakati koo linajifunza upya.

Chakula cha mupira kinapashwa kuwa kimesagwa na kuchujwa sana, kwa maji yaliyochemshwa na mikono iliyonawishwa. Kichwa na kifua viinuliwe wakati wa kulisha na muda baada yake. Mupira unasafishwa kwa maji mbele na baada ya kila chakula ili usizibe. Alama iliyowekwa puani inatazamwa kila mara: ikiwa imesogea, ao mugonjwa anaanza kukohoa na kukosa pumzi, hakuna kitu kinachoingizwa hadi muuguzi ahakikishe kwamba mupira uko mahali pake. Dawa za vidonge hazitwangwi bila kuuliza, kwani nyingine zinaharibika ao kuwa kali zikitwangwa.

Na wale ambao hawatakula tena kwa kinywa? Roger Ebert, mwandishi wa gazeti la Chicago Sun-Times aliyejulikana kwa kazi yake juu ya sinema, alipoteza sehemu ya taya kwa sababu ya kansa. Tangu mwaka wa 2006 hakukula, hakunywa wala kusema tena. Alilishwa kwa mupira hadi kifo chake mwaka wa 2013. Katika miaka hiyo aliendelea kuandika, na mwaka wa 2010 alitoa kitabu cha upishi. Alieleza kwamba kitu alichokosa zaidi si ladha ya chakula, bali kukaa mezani na watu.

Hilo linaeleweka vizuri hapa kwetu, ambako watu wanakula katika sahani moja. Mugonjwa anayechelewa, anayetoa mate ao kukohoa anaona haya, anaomba kula peke yake, kisha anakula kidogo zaidi. Kumuwekea sahani yake na muda wake, na bado kumuacha akae pamoja na wengine, ni musaada ambao hauombi feza.

Ya kuuliza mbele ya kutoka hospitalini

Jamaa ina haki ya kuuliza, na ni vizuri ianze mbele ya operesheni. Ni sehemu gani itakatwa, na itagusa kumeza namna gani? Mugonjwa ataanza lini kula, na nani atamuangalia anapomeza mara ya kwanza? Uzito gani wa kinywaji unafaa? Kichwa kiwekwe namna gani? Mazoezi gani, mara ngapi kwa siku? Ni lini kurudi kupimwa?

Mugonjwa apimwe uzito mara moja kwa juma, kwa mizani ileile. Na kuna mambo ambayo hayangoji siku ya rendez-vous: shingo inayovimba, pumzi inayopita kwa shida, damu, kushindwa kumeza hata mate, homa pamoja na kikohozi. Kwa hayo, mugonjwa anarudishwa hospitalini siku ileile, hata kama ni usiku, bila kupewa kitu kingine cha kula ao kunywa njiani.